Kidole cha Bariki

Binti yangu Diana alipokuja kunichukua hakukaa hata chini. Alisimama mlangoni, mlango uliobaki peke yake kwa sababu ukuta wa upande wa ziwa ulishakwenda na maji, akasema, "Mama, leo tunaenda mjini kununua simu. Huwezi kuhamia Mpanda na hicho kiswaswadu."

Kiswaswadu anachokisema ni simu yangu. Kioo kimepasuka, namba tano haibonyezeki mpaka uisukume kwa ukucha, na mgongoni nimeifunga raba ili betri isidondoke. Lakini inaita. Kazi ya simu ni kuita, na mimi sijawahi kuidai kazi nyingine.

Sikutaka kuhama, niseme kabisa. Nimezaliwa Katonga, hapa Kigoma, nimeanika dagaa Katonga mpaka mikono imekuwa magamba, na mume wangu nimemzika hapahapa. Maji yalipoanza kupanda tulijipa moyo kwamba yatarudi. Yakala mwalo wa zamani, pale boti zinapotia nanga, yakala vichanja vyangu vya kuanikia, yakaja mpaka jikoni. Ziwa nililolisifia maisha yangu yote lilinigeuka mchana kweupe, na sina hamu nalo tena. Basi, mama hana nyumba, binti ana nyumba, mjadala umekwisha. Diana ameolewa kijiji cha ndani kabisa huko Mpanda, mumewe analima mpunga, wamenijengea chumba cha bati. Nawashukuru.

Ila kwenye suala la simu nilimwambia mapema. "Kifaa badilisha utakavyo. Namba yangu haibadiliki."

Diana akashusha pumzi. Alijua kwa nini. Mtaa mzima ulijua.

Kaka yake, Bariki, alivuka kwenda Kongo mwaka jana ziwa lilipofungwa. Serikali ilisema samaki wapumzike wazaane, na vijana wa mwaloni wakabaki hawana la kufanya. Bariki na rafiki yake Oswald, waliokuwa wakivua pamoja boti moja, wakaenda ng'ambo kutafuta vibarua. Baada ya muda akanipigia kwa simu ya kuazima. "Mama, simu yangu imezama," akasema. "Namba za watu wote zimepotea, iliyobaki kichwani ni yako tu. Nikipata nyingine nitakupigia." Nikamwambia ale vizuri. Akacheka, kama kawaida yake ninapomwambia ale vizuri. Kisha ikakatika, na mpaka leo hajapiga.

Wiki ileile tukasikia kuna boti iliyotoka Moba kwenda Kalemie, hukohuko Kongo, imepinduka na abiria. Majina yao hakuna aliyeyaandika. Oswald alirudi peke yake akasema waliachana Moba, mwenzake kapata kazi kwa mtu. Hayo yalinitosha. Lakini mtaa ukaanza kunitazama kwa jicho la huruma, jicho ninalolichukia kuliko tusi. Wakubwa wa jumuiya ya kanisa walikuja na adabu zao zote kuniambia ni vizuri tukae matanga, mtoto apumzike. Niliwaambia mtoto wangu akichoka atapumzika mwenyewe, nikawafungulia mlango watoke.

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikuwa nabonyeza namba yake ya zamani. Yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kwa ile sauti yake ya kujivuta: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kwa sasa. Mtu akiwa amekufa hawasemi kwa sasa. Hayo maneno mawili nimeyala, nimeyanywa, nimelala nayo. Bariki anayo namba moja tu kichwani, na namba hiyo iko kwenye kiswaswadu changu. Anayetaka niitupe anataka nimtupe mwanangu.

Tukaenda mjini. Duka lenyewe liko kwenye barabara inayopanda kutoka stesheni, dogo, simu zimepangwa ndani ya kabati la vioo kama keki. Muuzaji ni binti anaitwa Yasmini, ana ushungi wa bluu na hina vidoleni, na kwanza nilimpenda kwa sababu alinipa shikamoo kabla hajaangalia mkoba wangu.

"Mama anataka simu janja," Diana akasema. "Nzuri, awe anawaona wajukuu."

Yasmini akatoa moja nyembamba, nyeusi, inang'aa. Nikaweka kidole kwenye kioo. Haikufanya kitu. Nikaweka kingine. Nikabonyeza kwa hasira. Yasmini akanifutia vidole kwa kitambaa chake mwenyewe, nikajaribu tena, ikafungua mahali ambapo sikutaka. Miaka yote ya kugeuza dagaa juani na chumvi imeninyang'anya vidole, kioo hakijui kama nimekigusa au inzi katua.

"Hii hapana," nikasema. "Akipiga mtu hapa nitampokeaje? Nitakuwa napapasa mpaka akate."

"Mama, kupokea ni kuburuta tu hivi," Diana akasema.

"Buruta wewe."

Ndipo Yasmini akacheka, akainama chini ya meza, akatoka na kitochi kimoja kinene, simu ya vibonyezo, tarakimu zake kubwa kama za saa ya ukutani. Nikakishika. Nikanyoosha mkono mbele, maana macho yangu ya karibu yalikufa zamani, mimi simu naisomea mbali. Niliona kila namba. Akakipigia ili nisikie mlio, na duka zima likageuka.

"Hii," nikasema. "Hata nikiwa shambani nitaisikia."

Diana alinuna. Yasmini akauliza kuhusu mtandao. Diana akamweleza kwamba kijijini kwao unashika mtandao mmoja tu, na si huu wangu. Huu wangu ukitoka barabara kuu unakufa. Kumbe ndivyo walivyopanga, wanibebe mpaka mahali ambapo simu yangu ni jiwe.

"Hakuna shida, mama," Yasmini akasema. "Siku hizi unahama mtandao na namba yako ileile. Hata tarakimu moja haibadiliki."

Nilitaka kumkumbatia juu ya kabati lake. Nikamuuliza mara ya pili, akarudia. Nikamuuliza kama kuna kifurushi chenye dakika za Kongo, akasema kipo cha mwezi. Kwa muda mfupi pale dukani nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilishaanza kumtania Diana kwamba mumewe atakoma, simu yangu itakuwa inalia mpaka mpunga unaamka.

"Naomba namba ya kitambulisho," Yasmini akasema, "halafu weka kidole hapa."

Nikaweka. Akanifuta, nikaweka tena. Kidole gumba kilikataa, cha pili kilikataa, mwisho kidole kidogo cha kushoto kikakubali. Yasmini akaangalia simu yake ya kazi, akakunja uso.

"Mama, laini hii haijasajiliwa kwa jina lako. Bariki ni nani?"

Sasa niwaeleze. Walipokuja kusajili laini kwa vidole, mimi nilikuwa sina kitambulisho. Hapa Kigoma ukienda kuomba kitambulisho wanakuuliza babu yako kazaliwa upande gani wa mpaka, na bibi yako je, na nani anakujua. Nilizungushwa mpaka nikachoka. Laini ikawa inakaribia kufungwa. Bariki chake kilikuwa kimeshatoka, akasema, "Mama, kwani kidole changu si chako?" Akaweka kidole chake, laini ikawa salama. Mwaloni sisi wengi tulifanya hivyo, mtu anamwekea mama yake, anamwekea shangazi. Kitambulisho changu kilipotoka baadaye, nani alikumbuka laini? Ilikuwa inaita.

"Ni mwanangu," nikasema.

"Basi aje yeye aweke kidole tukuhamishie. Ni dakika mbili tu."

Nilicheka. Cheko lenyewe lilikuwa baya, hata mimi nililisikia. "Mwenye kidole ndiye ninayemsubiri anipigie," nikamwambia. "Kwenye laini hiyohiyo."

Yasmini akamwangalia Diana, Diana akaangalia barabarani. Nikauliza, nikiiacha kama ilivyo, nikaenda nayo Mpanda? Akasema kule haishiki, ikikaa kimya muda mrefu itafungwa, na ikifungwa watamuuzia mtu mwingine. Nikafikiria mtu mwingine, mwanamume fulani wa Shinyanga au Lindi, anapokea simu ya mwanangu na kumwambia umekosea namba. Nikakaa kwenye boksi.

Yasmini alikuwa na moyo mzuri. Alizunguka meza akachuchumaa mbele yangu, na akalisema polepole, kama anayemwekea mtoto dawa kwenye kidonda. "Mama, njia nyingine ni kama mwenye laini amefariki. Hapo mzazi akileta cheti cha kifo, anahamishiwa."

Diana hakushtuka. Hapo nikajua kwamba alikuwa amelifikiria kabla hatujatoka nyumbani.

Tulirudi Katonga bila simu. Nilifikiria kumwachia jirani kiswaswadu akae nacho, lakini jirani gani? Maji hayakunichagua mimi peke yangu. Mstari wetu wote ulikuwa unafunga mizigo, huyu anakwenda Kasulu, yule Uvinza, mwingine hajui aendako. Nilifikiria kugoma, nilale kwenye ule mlango. Usiku maji yakaingia mpaka kwenye mafiga, na asubuhi niliokota sufuria yangu ikielea.

Ndipo nikakata shauri. Nikajiambia, kama wanachotaka ni karatasi, nitawapa karatasi. Siku Bariki akipiga nitamwambia, mwanangu, nilikuua kidogo kwenye makaratasi ili niweze kukusikia. Atacheka mpaka akohoe. Kisha nitamwambia ale vizuri.

Mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza akikuna ndevu. Akasema mtu aliyepotea tu anasubiriwa miaka, hakuna wa kukupa cheti. Ila ajali iliyo na shahidi aliyeona kwa macho, na familia ikakubali ikakaa matanga, hilo ni jambo jingine, hapo naye anaweza kuthibitisha. "Una shahidi?" akauliza.

"Ninaye," nikasema.

Nikaenda mwalo mpya kumtafuta Oswald. Tangu arudi kutoka Kongo kijana yule alikuwa na tabia moja ya ajabu. Kila akipata mboga aliniletea, samaki wa migebuka miwili mitatu, lakini haingii ndani. Anaining'iniza mlangoni, anaita hodi, na nikitoka naona mgongo tu. Nilidhani ni aibu ya kurudi bila mwenzake. Nilimkuta akishona wavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina kazi yako, na usinikatalie." Nikamweleza yote, duka, laini, kidole, cheti. "Tutakaa matanga. Wewe utasimama uwaambie watu ulimwona Bariki akipanda ile boti ya Moba, na ulimwona akizama. Basi."

Sindano ya wavu ilisimama mkononi mwake.

"Kweli unataka niseme, mama?"

"Nataka."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na useme vizuri. Usije ukababaika wakakushuku."

Akainamisha kichwa. "Ego," akasema, ambayo kwetu Waha ni ndiyo. Oswald akielemewa na jambo hurudi kwenye Kiha, tangu alipokuwa mtoto anayekula kwenye sinia moja na Bariki wangu. Nilimwonea huruma kwa uongo niliomtwisha.

Tukakaa matanga. Turubai lilifungwa pale juu kanisani, maana kwangu hapakuwa na uwanja tena, ulikuwa ziwa. Wanawake walisonga ugali wa muhogo, watu wakaja wengi kuliko nilivyotarajia, na hapo nikaona jinsi walivyokuwa wamejiandaa kwa muda mrefu. Khanga zilikuwa tayari. Nyimbo zilikuwa tayari. Katekista Martini alikuwa na maneno yaliyopangika vizuri mno. Walinikumbatia mmoja mmoja wakilia, na mimi nikawa nimefunika uso kwa khanga, si kwa kulia, bali ili wasione kwamba macho yangu ni makavu na kwamba nimewakasirikia. Simu yangu nilikuwa nayo kifuani, nimeiwasha. Niliapa ikilia pale nitapokea mbele yao wote.

Kwetu, msiba una mwisho wake. Aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho lazima asimame aeleze alivyokwenda. Asipoeleza, watu hawanyanyuki kwenye mikeka, hata mvua inyeshe. Kwa hiyo Oswald akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe, na vifungo alikuwa amevipishanisha. Nikasema moyoni, huyu ataniharibia.

Lakini hakuharibu. Alianza taratibu. Akasema walikuwa Moba, kibarua kimeisha, Bariki akataka kwenda Kalemie kwa sababu kule simu ni rahisi. Yeye Oswald alikuwa na homa, akabaki ufukweni asubiri boti ya kesho. Akasema Bariki alikuwa anakula muhogo wa kuchoma uliofungwa kwenye gazeti, akamkatia nusu. Akasema kabla ya kupanda aligeuka akamwambia, nikifika Kalemie namnunulia mama simu ya tarakimu kubwa, maana amekuwa akinyoosha mkono mpaka namwonea huruma, siku moja ataidondosha kwenye sufuria. Alionyesha na mkono, hivi, jinsi ninavyonyoosha. Watu wakacheka huku wanalia.

Akasema boti ilijaa sana. Ilikuwa haijafika mbali, bado anaona fulana nyekundu ya mwenzake, upepo ukaja kwa ubavu. Ikalala. Ikageuka. Vichwa vilionekana, vikapungua. Yeye aliingia majini mpaka kifuani na homa yake, watu wakamvuta nyuma. Alikaa ufukweni mpaka giza, na kesho yake, na kesho kutwa, akiangalia kila walichokitoa. Fulana nyekundu haikutoka.

Alipokaa chini turubai lote lilikuwa kilio kimoja. Diana alianguka kwenye mapaja yangu, akalia kama alivyolia siku baba yake alipokufa. Na mimi, Mungu anisamehe, chini ya khanga yangu nilikuwa najiambia: kijana huyu kumbe ni fundi. Angeenda kusimulia redioni angepata mshahara. Ile ya muhogo niliipenda zaidi, ni Bariki mtupu, hawezi kula peke yake. Nilijua mwanangu siku moja ataisikia hadithi hii na atamdai Oswald nusu ya muhogo.

Cheti kilipatikana. Sitaki kusimulia nilivyokishika. Niliikunja ile karatasi bila kuisoma, jina lake kwa nje lisionekane. Dukani Yasmini alinipa pole kwa mikono miwili, na safari hii kidole changu kidogo cha kushoto kikakubali mara ya kwanza. Akachukua laini mpya ya mtandao wa Mpanda, akaitia kwenye kitochi cha tarakimu kubwa, tukasubiri. Kisha akapiga kutoka kwake. Ikalia kwa nguvu, tarakimu zangu zilezile, namba yangu ileile, sasa kwa jina langu.

"Na kifurushi, mama?" akauliza kwa sauti ya chini. "Bado unakitaka kile?"

"Kilekile," nikasema. "Cha mwezi. Chenye Kongo."

Yasmini akasema kitaunganishwa baada ya muda, mtandao siku hiyo ulikuwa mzito, nitapata ujumbe. Nilitoka pale nimeinua kichwa. Walidhani wamenizikia mwanangu. Kumbe nimewazunguka wote, serikali, mtandao na mtaa, na namba anayoikumbuka ninayo mkobani.

Siku ya kuondoka Oswald alikuja stendi kutubebea mizigo. Alipandisha godoro, akapandisha ndoo ya dagaa na dumu la mawese, kisha akasimama kando ya basi akifuta jasho. Diana alikuwa ameshapanda, anagombania kiti cha dirishani. Nikamvuta Oswald pembeni. Sikutaka kuondoka bila kumshukuru.

"Mwanangu, Mungu akubariki," nikamwambia. "Hujui ulichonifanyia. Na ulivyodanganya! Ule muhogo uliutoa wapi? Na ile ya kunyoosha mkono? Kidogo na mimi nilie."

Hakucheka. Alivua kofia yake.

"Oya, mama," akasema, yaani hapana kwa Kiha.

"Oya nini?"

"Sikudanganya."

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja, anaita watu wa Uvinza. Nikasema, "Umesemaje?" ingawa nilikuwa nimesikia.

"Siku niliyorudi ulinikuta mwaloni umeshika simu," Oswald akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Kabla sijashuka ukaniuliza, amekupa namba yake mpya? Ulikuwa unacheka, mama. Nikashindwa. Nikasema tuliachana, nikijua kesho nitakuja nikwambie. Kila siku nilikuja. Nikifika mlangoni nakusikia unaongea na ile simu, narudi. Ulipokuja kuniambia nisimame niseme, nilidhani umeshajua. Nilidhani unanisaidia niutue huu mzigo."

Nikampiga kofi. Mkono wangu ni mzito, ni mkono wa kazi, na watu waligeuka. Hakuinua wake kujikinga. Nikampiga la pili, halafu mkono ukashika shati lake na haukuachia. Nilikuwa nataka kumuuliza kama alimwona akiinua mkono. Nilikuwa nataka kumuuliza kama aliita. Mama anajua mtoto wake akizama anaita nani. Lakini kama nilivyomtaka aseme mbele ya watu, alishasema yote, na mimi nilikuwa chini ya khanga namsifia utamu wa hadithi. Watu wote walimlilia mwanangu kwenye matanga yake. Ambaye hakumlilia ni mimi.

"Mama, panda, tunaachwa!" Diana akaita dirishani.

Oswald ndiye aliyenifungua vidole kimoja kimoja, akanishika kiwiko akanipandisha. Sikumbuki kama nilimuaga.

Basi lilipita Ujiji, likaacha nyumba za mwisho, na mahali fulani kwenye mwinuko ziwa likaonekana kwa nyuma, limetulia kana kwamba halijafanya lolote. Sikuligeukia. Diana alikuwa amelala kabla hata hatujafika mbali, kichwa begani kwangu, amechoka kwa msiba ambao yeye alishaumaliza. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Ningemwamsha nimwambie nini, kwamba kaka yake amekufa?

Kitochi kikalia mkobani, mlio mfupi, na abiria wa mbele wakageuka. Nikakitoa. Nikanyoosha mkono nisome. Mpendwa mteja, hongera, kifurushi chako chenye dakika za Kongo kimeunganishwa, furahia kuwa karibu na uwapendao.

"Nani huyo, mama?" Diana akauliza, macho yamefumba.

"Si mtu," nikamwambia. "Ni mtandao."

Akarudi kulala. Nikabonyeza kwa kichwa namba ya zamani ya Bariki, kwa hizi tarakimu kubwa haikunichukua muda, nikaweka sikioni. Yule mwanamke akaja na sauti yake ya kujivuta. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Huyo ndiye peke yake ambaye alikuwa hajaambiwa. Nikamwacha akamaliza, kisha nikapiga tena.